Ukipindua kasi: nadharia ya Larson kuhusu nafasi, wakati na entropi

Kasi ni sehemu. Juu unaandika umbali, chini unaandika muda, na kazi imekwisha: mita kwa sekunde. Umbali ukiongezeka mara mbili na muda ukabaki ulivyo, kasi inaongezeka mara mbili. Muda ukipungua nusu na umbali ukabaki ulivyo, kasi inaongezeka mara mbili vilevile. Ukioneshwa jibu peke yake huwezi kusema ni lipi kati ya hayo lilitokea, kwa sababu kukuza kiasi na kupunguza asili kunafikia palepale.

Wengi tulijifunza hilo shuleni tukalipita. Dewey B. Larson, mhandisi wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki 1990, alisimama hapo na hakuondoka tena. Alikuwa akitafuta njia ya kukokotoa tabia za misombo ya kikemia kutokana na muundo wake tu, bila kupima maabara, na kila alipokwama alirudi kwenye ile sehemu yenye umbali juu na muda chini. Mwisho akauliza swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana la kitoto: vipi ikiwa nafasi na wakati si vitu viwili, bali ni sura mbili za kitu kimoja, yaani mwendo wenyewe, na kila moja ni pinduo la mwenzake? Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1959, na kwa miaka thelathini iliyofuata aliendelea kukipanua.

Niseme mapema ninaposimama. Wanafizikia hawaikubali nadharia hii, na mimi pia naona imekosea. Lakini haikukosea kizembe. Ina mahali ambapo imejikwaa kwa namna inayomfundisha mtu entropi, ambayo kwa kawaida huitwa kipimo cha vurugu, ni nini hasa, kuliko vitabu vingi vilivyokosa kujikwaa popote.

Msingi wake ni madai mawili tu. La kwanza linasema ulimwengu wa maumbile umeundwa na kitu kimoja, mwendo. Kwamba mwendo huo una pande tatu. Kwamba unakuja kwa vipande kamili visivyogawanyika. Na kwamba una sura mbili zinazopinduana, nafasi na wakati. La pili linasema ulimwengu huo unafuata hesabu za kawaida, vipimo vyake vya msingi havibadiliki kwa kutegemea nani anatazama, na jiometri yake ni ile ya zamani ya Euklidi. Hakuna kingine. Atomu, nuru, umeme, mvutano (yaani graviti), galaksi, vyote vinatakiwa vitoke humo kama unga unavyotoka kwenye jiwe la kusagia.

Swali la kwanza linalomjia msomaji ni: mwendo wa nini? Tumezoea gari likienda, jiwe likianguka, maji yakitiririka. Larson anajibu kwamba hakuna "nini". Mwendo ni uhusiano kati ya nafasi na wakati, na uhusiano hauhitaji abiria. Gari na jiwe navyo ni mafungu ya mwendo uliofungwa ndani ya mwendo mwingine. Jibu hili si la ajabu kama linavyosikika, maana fizikia ya kawaida nayo iliacha zamani kuiona elektroni kama kipunje kigumu. Kigeni zaidi ni kile kinachofuata: ikiwa nafasi na wakati ni sura zinazolingana kwa kila hali, basi wakati nao lazima uwe na pande tatu. Saa yetu, kwa maoni yake, inatuonesha tu kwamba wakati unasonga. Haituoneshi unasonga kuelekea wapi.

Hapa kuna mkanganyiko wa jina unaofaa kuondolewa. Wanaochunguza fuwele kwa miale ya eksirei nao wana nafasi yao iliyopinduliwa, ambamo umbali hupimwa kwa kinyume cha mita. Hiyo ni mbinu ya hesabu. Unapiga fuwele kwa miale, unapata madoa kwenye kigunduzi, na madoa yaliyo mbalimbali yanawakilisha tabaka za atomu zilizokaribiana. Hakuna anayedai kwamba mahali hapo pa madoa ni nchi nyingine. Larson anadai. Kwake pinduo la nafasi lipo kweli, na jina lake ni wakati.

Tuione nadharia ikifanya kazi, kwa karibu. Ikiwa mwendo unakuja kwa vipande kamili, kipande kimoja kina ukubwa gani? Larson anaanzia kwenye nuru ya haidrojeni. Mistari ya nuru hiyo katika upande wa urujuanimno inakaribiana, inakaribiana, halafu inakoma kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 91.2 hivi. Anachukua nusu yake, nanomita 45.6, na kuiita kipande kimoja cha nafasi. Nuru inavuka umbali huo kwa muda wa sekunde 1.52 × 10⁻¹⁶, na hicho ndicho kipande kimoja cha wakati. Kipande kwa kipande, moja juu ya moja: kasi ya nuru. Kwa Larson kasi ya nuru ndiyo sifuri halisi, alama ambayo kila mwendo unapimwa kuanzia hapo, badala ya kuwa ukuta wa mwisho.

Lakini punje ya chumvi inaleta taabu. Ndani yake, sodiamu na klorini zimekaa umbali wa nanomita 0.28. Kipande cha nafasi kisichogawanyika kimekuwa kikubwa zaidi ya mara 160 kuliko umbali ambao maabara inaupima kila siku! Mwingine angeukunja mswada wake akalala. Larson anasema: sawa, chini ya kipande kimoja nafasi haiwezi kupungua, basi kinachobadilika ni wakati. Atomu hizo mbili hazijakaribiana katika nafasi, zimeachana katika wakati. Na kwa kuwa wakati ni pinduo la nafasi, kuachana huko kunaonekana kwetu kama ukaribu. Kisha anahesabu njia ambazo mizunguko ya atomu inaweza kuelekea, anapata 128, anaongeza mbili ya tisa ya hiyo, inakuwa 156.44. Gawa 45.6 kwa 156.44, unapata nanomita 0.291. Ukiiweka kando ya ile 0.28 ya chumvi, unaelewa kwa nini watu walimfuata.

Unaelewa pia kwa nini wengine hawakumfuata. Ili kutoka 0.291 kufika kwenye umbali halisi wa kila fuwele, kila elementi inapewa namba ndogo ndogo za mizunguko yake, na namba hizo zina nafasi ya kuchaguliwa. Ukiwa na namba tatu za kuchagua kwa kila elementi, kufika karibu na vipimo si kazi ngumu. Tena ile hoja ya kwanza yenyewe ina mwanya. Bomba linajaza mtungi kwa lita kadhaa kwa dakika. Ukizidisha lita mara mbili au ukipunguza dakika nusu, mtiririko unaongezeka sawasawa. Hata hivyo hakuna aliyewahi kusema kwamba lita ni dakika zilizogeuzwa. Kupinduana ndani ya sehemu ni tabia ya kugawanya, na kugawanya hakujui unagawa nini.

Turudi kwenye sifuri yake, kwa sababu humo ndimo entropi inamoingia. Ikiwa hali ya asili ni kipande kimoja cha nafasi kwa kila kipande cha wakati, basi kitu kisichofanya lolote kinasukumwa nje kwa kasi ya nuru, kutoka kwa kila kitu kingine. Ndivyo anavyoieleza nuru: imetulia, na mfumo mzima unaibeba kama mto unavyobeba jani. Ndivyo anavyozieleza pia galaksi zinazokimbiana, jambo ambalo Edwin Hubble alilitangaza mwaka 1929. Sisi hatubebwi kwa sababu maada ina mwendo wake unaoelekea ndani, na mwendo huo ndio tunaouita mvutano. Kwa karibu mvutano unashinda, kwa mbali mto unashinda.

Sasa pindua kila kitu. Ikiwa kuna maada inayokusanyika katika nafasi, lazima kuwe na maada inayokusanyika katika wakati. Larson anaiita sekta ya kosmiki. Humo mvutano unavuta vitu vikaribiane katika wakati, huku katika nafasi vikiwa vimetawanyika hata hatuwezi kuona umbo lolote. Sekta hizo mbili zinapeana mali. Nyota ya upande wetu inapozeeka na kulipuka, sehemu ya maada yake inarushwa kwa kasi inayopita ya nuru na kuvuka upande wa pili. Na maada ya huko inapolipuka inavuka kuja huku, nasi tunaipokea kama miale ya kosmiki, zile chembe zenye nishati kubwa zinazotufikia kutoka angani. Mzunguko hauna mwanzo wala mwisho.

Mfano anaoupenda ni nyota kibete nyeupe. Mwenza wa nyota Sirius ana maada karibu sawa na Jua ila ukubwa wake unakaribia wa Dunia. Larson anasema nyota hiyo ni mlipuko uliotokea kuelekea wakati badala ya nafasi: vipande vyake vimetawanyika katika nyakati mbalimbali, na mtawanyiko wa wakati unaonekana kwetu kama msongamano. Ni picha nzuri mno, nakiri. Ila fizikia ya kawaida ilikuwa na jibu tangu mwaka 1926, pale R. H. Fowler alipoonesha kwamba elektroni haziwezi kurundikwa katika hali moja na kwamba kukataa huko kunatoa msukumo unaoizuia nyota isiporomoke. Jibu hilo lilizaa utabiri ambao mtu asingeubahatisha: nyota ya namna hii ikiongezewa maada inakuwa ndogo zaidi, na ikifika mara 1.4 hivi ya maada ya Jua haiwezi kujishikilia tena.

Kuna mahali pengine ambapo nadharia imegongana na vipimo uso kwa uso, nami nitataja pawili tu. Larson aliukana uwepo wa kiini cha atomu. Alidai kwamba kile Ernest Rutherford alichokitangaza mwaka 1911 ni atomu yenyewe, na kwamba kile tunachokiita ukubwa wa atomu ni nafasi iliyopo kati yake na jirani. Lakini eksirei hutawanywa na elektroni, na kwa miale hiyo watu huchora ramani ya mahali elektroni zilipojaa na zilipo haba ndani ya fuwele. Mahali ambapo yeye anasema hakuna kitu, ramani inaonesha wingu.

La pili ni mvutano. Kwa kuwa kila maada ina mwendo wake wa kuelekea ndani, hakuna kinachosafiri kutoka moja kwenda nyingine, hivyo mvutano unatenda papo hapo bila kuchelewa. Tarehe 17 Agosti 2017 vigunduzi vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 130. Setilaiti ya Fermi ikanasa miale ya gama ya tukio hilohilo sekunde 1.7 baadaye. Kama mvutano ungekuwa wa papo hapo, habari yake ingetufikia miaka milioni 130 kabla ya nuru, wakati hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Naacha kwa makusudi mambo kama kwasa, vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno, ambazo wafuasi wake husema alizitabiri kwa kuzungumzia milipuko ya galaksi mwaka 1959, miaka minne kabla Maarten Schmidt hajaitambua ya kwanza. Ubishi wa nani alisema kwanza hauishi. Entropi ndiyo iliyonileta hapa.

Kanuni ya pili ya thamodinamiki, elimu ya joto na nishati, inasema entropi ya mfumo uliofungwa haipungui. Mwanafizikia Rudolf Clausius aliyeipa entropi jina mwaka 1865, na William Thomson kabla yake, waliona mbele ya kanuni hiyo ulimwengu uliopoa, joto limesambaa sawasawa, hakuna kinachotokea tena. Mawazo hayo yamewanyima watu usingizi tangu wakati huo. Larson ana dawa: kanuni ya pili ni ya nusu moja tu ya ulimwengu. Kinachotawanyika huku katika nafasi kinakusanyika kule katika wakati, na kinachosambaratika kule kinarudi huku kikiwa kimejipanga. Mpangilio wa upande mmoja ni entropi ya upande wa pili, na saa inajitia ufunguo yenyewe.

Kwanza tazama dhana iliyojificha humo: kutawanyika ndiyo entropi, kukusanyika ndiyo mpangilio. Wengi wanafikiri hivyo, na picha ya manukato yanayosambaa chumbani inawatia moyo. Lakini chukua wingu kubwa la gesi angani. Mvutano unalikusanya, linabana, kitovu chake kinapata joto, nyota inawaka. Maada imekusanyika, na entropi imepanda, kwa sababu kubana huko kumetoa nuru nyingi iliyokwenda zake pande zote. Ukijumlisha gesi na nuru, hesabu inakua. Shimo jeusi, ambalo ni mkusanyiko kupita yote, lina entropi kubwa kuliko nyota yoyote yenye maada kama yake. Hilo limejulikana tangu kazi za Jacob Bekenstein na Stephen Hawking za miaka ya 1970. Nuru ya kale inayotufikia kutoka ulimwengu mchanga inaonesha maada iliyosambaa kwa usawa wa ajabu, tofauti za sehemu moja kwa 100,000, na hali ile ndiyo iliyokuwa na entropi ndogo. Kwa hiyo mtu anayesema "mvutano wa kule unakusanya katika wakati, ndiyo maana entropi inapungua" ameanza na kipimo kisicho sahihi.

Entropi ni hesabu ya njia. Chukua sarafu kumi, uzitikise, uzimwage mezani. Kuna matokeo 1,024 ukizitofautisha moja moja. Zote kuonesha vichwa kuna njia moja. Tano vichwa na tano mikia kuna njia 252. Ukianza na vichwa kumi na kuendelea kutikisa, utaelekea kwenye tano kwa tano, na hakuna nguvu inayokusukuma huko. Kuna njia nyingi tu. Ludwig Boltzmann aliligeuza wazo hilo kuwa mlinganyo, nao umechongwa kwenye kaburi lake Vienna: entropi ni logi ya idadi ya njia, ikizidishwa na namba isiyobadilika.

Sasa fanya anachofanya Larson. Geuza kila sarafu: kila kichwa kiwe mkia, kila mkia uwe kichwa. Njia 252 zinabaki 252. Iliyokuwa moja inabaki moja. Kupindua ni kubadilishana kimoja kwa kimoja, kila hali ikipata mwenzake mmoja bila kubaki wala kupungua, na hesabu ya njia haiguswi na mabadilishano ya aina hiyo. Ukipindua nafasi iwe wakati, kwa vipande kamili kama anavyotaka yeye mwenyewe, unapata ulimwengu wenye idadi ileile ya njia na hivyo entropi ileile. Saa haijatiwa ufunguo, imetazamwa kwenye kioo.

Mtetezi hodari ana jibu. Atasema entropi inategemea pia namna tunavyozipanga hali katika mafungu: mimi nimehesabu vichwa, lakini mtu wa upande wa pili anahesabu kitu kingine, na fungu ambalo kwangu ni kubwa kwake linaweza kuwa dogo. Hoja hii ni ya kweli. Ni bora kuliko zote ambazo nadharia hii inaweza kuzitoa, na ndani ya fizikia ya kawaida pia watu makini wanabishana kuhusu mafungu hayo. Lakini kinachovuka mpaka lazima kivuke na hesabu yake. Maada inayotoka kule ikiwa imejipanga kwa kipimo cha huku inahitaji uteuzi wa hali ya juu, kama kumwaga sarafu zilizotikiswa na mwenzio gizani zikatua vichwa vitupu, kila mara, bila kukosea. Madai mawili ya msingi hayatoi sababu ya uteuzi huo. Yanatoa ulinganifu tu, na ulinganifu haupendelei fungu lolote.

Wakati huohuo, mpangilio tunaouona hapa duniani una chanzo kinachopimika. Jua lenye joto la kelvini 5,800 hivi usoni linatuletea nuru, na Dunia, iliyo baridi, inarudisha angani nishati karibu ileile kwa miale ya infraredi. Kwa kila fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, inayoingia zinatoka kama ishirini. Njia za kuzipanga ishirini ni nyingi mno kuliko za kupanga moja, na katika tofauti hiyo ndimo majani yanamokua na mawingu yanamojengeka. Jua nalo lilitokana na wingu la gesi lililobanwa na mvutano miaka bilioni 4.6 iliyopita, katika nafasi, upande huu.